Joginder Singh, fundi aliyejua kusikia motere



Tunapoeleza maisha ya watu wakubwa katika karatasi zetu hizi, mara nyingi tunachagua wafalme, wamisionari na wenye kuandika vitabu. Leo tunaleta fundi wa magari. Mikono yake ilikuwa na grisi, sawa mikono ya wanafunzi wa mekaniki wanaotoka atelye saa sita, na wenzao wa sekshoni zingine wanawacheka. Jina lake ni Joginder Singh. Alikufa mwaka 2013, na kwa wengi kati yenu, mliokuwa wakati ule mungali mgongoni mwa mama, yeye ni mtu wa zamani kabisa. Lakini katika inchi za mashariki, toka Mombasa mpaka Kampala, wazee wanaopenda magari wanamtaja kwa jina la Simba wa Kenya.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 pale Kericho, inchi ya majani ya chai, ambako milima inapita mita 2,000 na mvua inanyesha karibu kila siku baada ya saa nane. Watu wake walitoka Punjab, kule India. Ni watu wa dini ya Sikh, ambao Kenya wanaitwa Makalasinga: wanaume wanafuga ndevu na kufunga kilemba. Wengi wao waliletwa ama walifuata kazi wakati Waingereza walipojenga reli toka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, kazi iliyoanza mwaka 1896. Walikuwa maseremala, wahunzi, mafundi wa mashini. Baba ya Joginder alikuwa na garaji, na Joginder alikuwa mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo kijana huyu alijua harufu ya esanse mbele ya kujua kusoma vizuri.

Tukumbuke vile Kenya ilikuwa wakati ule. Masomo ya Wazungu yalikuwa mbali na masomo ya Wahindi, na ya Wahindi mbali na ya Waafrika. Ilikuwa hivyo hata ku hospitali. Katika garaji mambo yalikuwa ngambo ingine kidogo. Motere haiulizi mtu rangi yake. Inawaka ama haiwaki.

Joginder akakua na ufunguo mkononi. Mwaka 1958 alipata kazi katika chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki, na kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani kusaidia watu ambao magari yao yamekufa njiani. Mimi naona hiyo ndiyo ilikuwa université yake. Fundi wa garaji anangojea gari lije kwake, ana mwangaza, ana meza, ana vyombo vyote. Lakini fundi wa barabarani anakuta gari katika vumbi, mwenye gari amekasirika, na jua linashuka. Na mara nyingi kilichoua gari si kitu kikubwa. Ni jikleri imezibwa na kipande cha uchafu kidogo sawa mbegu ya mtama, ama bujii imejaa masizi, ama maji yameingia ku nyaya za umeme. Mtu akifanya kazi hiyo, anaanza kujua kwamba gari kubwa linakufa kwa kitu kidogo.

Sasa tuseme habari ya mashindano. Mwaka 1953 Waingereza wa Kenya walianzisha mashindano ya magari kwa kusherehekea malkia Elizabeth kuvaa taji. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kiisha yakahamishwa kwenye siku za Pasaka, na jina likawa Safari. Msidhani ni mashindano ya kuzunguka uwanja. Ni safari ya kilomita karibu 5,000, mchana na usiku, katika barabara zile zile ambazo malori na ng'ombe wanapita. Tena Pasaka kule ni wakati wa mvua kubwa. Asubuhi unakula vumbi, jioni umezama katika matope meusi mpaka ku mlango. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, 7 tu yakafika. Mwaka 1968 yakaondoka 93, tena yakafika 7.

Joginder aliingia katika mambo haya akiwa amekwisha kupita miaka 25, umri ambao vijana wengi wa mashindano wanadhani wamechelewa. Na hapa ndipo tunafika ku somo la mekaniki, juu vijana wengi wa hapa Fungurume wanapenda kusikia motere ikipiga kelele na wanadhani kelele ndiyo nguvu.

Motere ya esanse inataka hewa na esanse kwa kipimo. Kwa kilo 1 ya esanse, inataka karibu kilo 15 za hewa ili vyote viungue vizuri. Ukitafuta nguvu nyingi unaongeza esanse kidogo, inakuwa kilo 1 kwa kilo 12 ama 13 za hewa. Kazi ya karburateri ni kuchunga kipimo hicho. Hewa inapita mbio mahali pembamba, inavuta esanse kwa tundu dogo, ile jikleri. Shida ni kwamba karburateri haijui kupima uzito wa hewa. Ukipanda mlima, hewa inapungua: kwa kila mita 1,000 inakosa karibu sehemu 1 katika 10. Lakini esanse inaendelea kutoka karibu sawa na kule chini. Basi motere inakunywa mno, inatoa moshi mweusi, inachoka.

Sasa angalieni njia ya Safari. Mombasa ni ku bahari, mita sufuri. Nairobi ni karibu mita 1,700. Pale Timboroa, njia ya kwenda Eldoret na Uganda, barabara inapita mita 2,700. Gari lile lile, motere ile ile, inafaa kukimbia kotekote. Fundi akiregle karburateri akiwa Mombasa, gari litakuwa kama ngurumo ku pwani, lakini kule juu ya mlima litazama katika esanse na bujii zitakuwa nyeusi. Akiregle kule juu, atakaposhuka ku bahari esanse itakuwa kidogo mno kwa ile hewa nzito. Hapo ni hatari zaidi, sababu mchanganyiko wenye esanse kidogo unawaka na moto mkali mno, na pistoni inaweza kutobolewa sawa karatasi. Motere yenye kulewa esanse inakupotezea dakika. Motere yenye njaa inakupotezea motere. Kwa hiyo fundi mwenye akili, kama hana namna ya kubadilisha njiani, anachagua katikati na kuelemea kidogo upande wa esanse mingi.

Hata sisi tunaona jambo hili. Fungurume iko juu ya mita 1,000 na zaidi, na ukienda Kolwezi unapanda tena. Moto iliyoregliwa karibu na bahari ikifika huku inakula esanse, na mwenyewe anasema esanse ya huku ni mbaya. Labda ni mbaya kweli, lakini aangalie kwanza karburateri.

Turudi kwa Joginder. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant waliingia Safari na gari la Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa la kampuni yenyewe ya Volvo, lilikimbia Safari ya mwaka 1964, na baadaye likabaki Afrika. Kwa macho ya mtu asiyejua, lilikuwa gari la kizee: umbo lake la mgongo wa mviringo lilitoka katika miaka ya 1940. Motere yake ilikuwa ya silinda 4, ya litre 1.8 hivi. Kwa bahati, wakapewa namba 1. Watu wengine wangefurahi, lakini ku Safari gari la kwanza halina alama za kufuata katika matope, halijui mto umejaa namna gani, linafungulia wengine njia.

Volvo ya namna hiyo yenye nguvu ilikuwa na karburateri mbili za SU, za Uingereza. Wanafunzi wa mekaniki watapenda kujua vile zinaregliwa, juu ni kazi ya sikio kuliko ya macho. Karburateri ya SU haina jikleri nyingi. Ina jikleri moja tu, na ndani yake kuna sindano yenye kwenda ikichongoka. Sindano imefungwa ku pistoni inayopanda na kushuka kwa kufuata hewa. Motere ikiomba hewa nyingi, pistoni inapanda, sindano inatoka, tundu linapanuka, esanse inaongezeka. Chini yake kuna ekru yenye pande 6. Fundi anaizungusha upande mmoja kwa mara moja, si zaidi.

Kama ziko karburateri mbili, kwanza zinapaswa kuvuta hewa sawasawa. Mafundi wa zamani wanachukua kipande cha mpira mwembamba, mwisho mmoja wanaweka ku mdomo wa karburateri, mwisho mwingine ku sikio, na kusikiliza vile hewa inalia. Kiisha wanasikiliza ile ya pili. Milio ikifanana, basi zinavuta sawa. Baada ya hapo wanakuja ku kipimo cha esanse. Motere ikiwa ku ralanti, na imepata moto vizuri, fundi anainua pistoni ya karburateri kidogo sana, milimita 1 tu. Kama motere inakimbia na kubaki inakimbia, esanse ni nyingi. Kama inataka kufa, esanse ni kidogo. Kama inapanda kidogo na kurudi mahali pake, hapo ni sawa. Lakini yote haya ni bure kama mbele ya hapo hukuangalia soupapes na umeme, na kama hewa inaingia kwa joints zilizokufa. Karburateri inaregliwa mwisho. Watu wengi wanaanza nayo juu visi zake ziko karibu na mkono.

Na bujii? Bujii ndiyo karatasi ambapo motere inaandika habari zake. Ukiifungua na kukuta pua yake ina rangi ya kahawia ya kupauka, sawa biskuti, motere iko na afya. Ikiwa nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, esanse ni nyingi ama bujii ni ya baridi mno. Ikiwa nyeusi yenye kulowana mafuta, segma za pistoni zimechoka. Ikiwa nyeupe, na yenye vipele, simama! Motere inaungua. (Esanse ya siku hizi haina tena risasi, kwa hiyo rangi zinaonekana hafifu kuliko zile za wakati wa Joginder. Inabidi kuangalia vizuri zaidi.)

Kuna bujii za moto na bujii za baridi. Haina maana kwamba zingine zinatoa cheche kali na zingine cheche dhaifu, kama vile niliwahi kuelezwa na muuzaji mmoja. Zinatofautiana kwa kutoa joto. Ile yenye pua ndefu ya porcelaine inachelewa kupoa, inaitwa ya moto. Ile yenye pua fupi inapoa mbio, inaitwa ya baridi. Pua inapaswa kupita nyuzi 450 ama 500 ili ijisafishe yenyewe kwa kuunguza masizi, lakini isipite 850 hivi, maana ikipita inakuwa kama kaa la moto na inawasha esanse mbele ya saa yake. Ukiongeza nguvu za motere, joto linaongezeka, kwa hiyo unachukua bujii ya baridi zaidi hatua moja. Moja. Watu wanapenda kuruka hatua tatu juu wamesikia ndiyo bujii ya mashindano, kiisha wanatembea nayo pole pole sokoni, na baada ya siku chache imezibwa na masizi. Tena muwe macho na namba. Ku NGK, namba kubwa ni baridi. Ku Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni moto. Ukibadilisha alama bila kujua hilo, unaweza kuua motere kwa nia nzuri.

Katika Safari uchaguzi huu ni mgumu zaidi. Gari linapanda matope kwa vitesse ya kwanza, pole pole, hapo bujii ya baridi inaziba. Saa mbili baadaye liko katika barabara ya Mombasa likikimbia mguu chini, hapo bujii ya moto inaungua. Hakuna bujii iliyo nzuri kwa yote mawili. Kuna ile inayovumilia yote mawili.

Siku zile za Pasaka ya 1965 motere ya ile Volvo ya kizee haikuchoka. Joginder na Jaswant waliondoka wa kwanza na wakafika wa kwanza, wakiwashinda waliofuata kwa saa 1 na dakika 40. Kampuni kubwa za Ulaya zilikuwa zimeleta magari mapya na mafundi wao. Wakapigwa na ndugu wawili wenye vilemba, watoto wa garaji, katika gari la mkono wa pili. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, si zamani, na furaha ilikuwa kubwa kwa Wahindi na kwa Waafrika pia.

Wengine walisema ni bahati ya mvua. Joginder akaendelea kuingia mwaka kwa mwaka, wakati mwingine na Volvo, wakati mwingine na Datsun, bila kushinda tena kwa muda mrefu, lakini karibu kila mara anafika.

Miaka 9 ikapita. Mwaka 1974 alikuwa na miaka 42, na mezani pa mashindano kulikuwa na Björn Waldegård wa Sweden, mmoja wa madereva wakubwa wa dunia, na Porsche 911 yenye silinda 6. Joginder alikuja na gari dogo la Japani, Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, silinda 4, litre 1.6 tu, na karburateri mbili. Pembeni yake alikaa David Doig. Mvua ilikuwa ya kuogopesha. Kwa mwisho Lancer ikashinda na Porsche ikawa ya pili. Motere ndogo haikuishinda motere kubwa kwa nguvu. Iliishinda kwa kuwaka saa zote, kule chini na kule juu, katika maji na katika vumbi.

Niseme kidogo juu ya vumbi, maana sisi wa njia ya Likasi na Kolwezi tunalijua. Kuna vijana wanatoa filtiri ya hewa ili karburateri ilie kwa sauti nzuri. Ni kweli sauti inakuwa nzuri. Lakini vumbi jekundu ni mchanga mdogo mdogo, na likichanganyika na mafuta ndani ya silinda linakuwa dawa ya kusagia chuma. Tena karburateri iliyoregliwa na filtiri, ukiitoa, inapata hewa zaidi na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo unapoteza mara mbili, unabaki na sauti.

Mwaka 1976 Joginder na David Doig wakashinda tena, na Lancer, na safari hii Mitsubishi ikachukua nafasi zote tatu za kwanza. Huyu akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara 3. Baadaye Shekhar Mehta, naye mtu wa Afrika ya Mashariki, alimpita kwa kushinda mara 5. Lakini kuna hesabu ingine ambayo mimi naipenda kuliko ushindi: Joginder aliingia Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Rudini kusoma namba za 1963 na 1968 hapo juu, kiisha mfikiri tena juu ya hiyo 19.

Wenye kumjua wanasema hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliendesha na kilemba chake kichwani, na alijua kila visi ya gari lake. Gari likianza kusema kitu kipya, hakungoja life ndipo asimame.

Alipoacha mashindano, alihamia Uingereza. Alikufa London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Safari yenyewe ilitoka katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, na ikarudi mwaka 2021, karibu na Naivasha. Magari ya sasa hayana karburateri. Kuna komputa inayopima hewa na kuhesabu esanse mara nyingi kwa kila segonde, na gari likipanda mlima komputa inajua yenyewe. Lakini moto nyingi zinazobeba watu hapa Fungurume zingali na karburateri moja na bujii moja. Wanafunzi wa mekaniki wanaotaka kuona rangi za bujii nilizotaja hapo juu waje atelye siku ya posho asubuhi. Kuna sanduku la bujii za kizee, na kila moja ina habari yake.